Filamu Tatu za Mgeni

Nyinyi vijana mnaotia sauti kwa simu zenu, mkijifunika shuka kichwani ili magari ya nje yasisikike, mimi siwacheki. Sisi tulijifunika magodoro. Mwaka 2015, nyuma ya duka la mapazia la Hamza kule Kensington, Johannesburg, palikuwa na chumba kisicho na dirisha. Magodoro yamesimamishwa kuta zote, zulia limelala juu ya zulia, na katikati kiti cha mbao kilichokuwa kinalia kila ukikikalia vibaya. Nimefanya kazi humo mpaka mwaka 2019, koo liliponiambia basi. Mmeniomba niwaeleze kazi ile ilikuwaje. Nitawaeleza, ila wekeni chini hizo chipsi, maana kuchakarika kwa karatasi zake bado kunanitia wazimu.

Tulikuwa tunatia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za zamani za Kimarekani, za ile miaka ambayo sinema ndiyo kwanza ilikuwa imejifunza kusema. Kabla ya hapo filamu zilikuwa bubu. Watu wanatembea, wanagombana, wanalia, na maneno yao yanaandikwa kwenye kadi. Hamza, Mtanga mwenzangu, alikuwa anawauzia diski hizo akina mama wa Berea na Hillbrow, Wakongomani na Watanzania, waliochoshwa na filamu za bunduki. Walitaka filamu ambayo mchungaji au ustadhi akibisha hodi ghafla hakuna wa kukimbilia rimoti. Mwanamke amevaa gauni refu, anadanganywa na bwana mwenye masharubu, analia, halafu anashinda. Diski hizo zilikuwa zinagombaniwa.

Sikuisomea kazi hii. Nilikwenda dukani kwa Hamza kurudisha pazia lililochuja rangi, nikampa vidonge vyake mbele ya wateja, na nilipomaliza akaniuliza kama ningeweza kusema hivyo hivyo mbele ya maikrofoni. Nilidhani ananikejeli.

"Dada Rukia," akasema, "umefoka muda wote huo na kila neno nimelisikia mpaka mwisho wake. Eish, watu wa namna hiyo ndio ninaowatafuta."

Kazi akanipa. Pazia hajanibadilishia mpaka leo.

Walimu wangu walikuwa wale wanawake wenyewe wa kwenye skrini. Pale Kensington kulikuwa na duka la mtumba lililouza magazeti ya sinema ya zamani, mengine yameliwa na panya, nami nilikuwa nayasoma nikiwa na kamusi pembeni. Humo nikajua kwa nini wanawake wale, katika zile filamu za mwanzo kabisa za sauti, walikuwa wamesimama kama wamepigwa misumari miguuni. Maikrofoni ilikuwa kubwa, haisogei, basi waliificha ndani ya chombo cha maua. Mwanadada anamwambia mchumba wake kwamba anampenda, lakini uso ameuelekezea maua, kwa sababu akigeuka tu sauti inapotea. Kamera ilikuwa na kelele, wakaifungia ndani ya kibanda pamoja na mpigapicha wake, joto linampika kama andazi. Gauni la hariri likichakarika, wanaanza upya. Shanga zikigongana, wanaanza upya. Niliposoma hayo nikaacha kulalamikia magodoro ya Hamza.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi. Msinywe maziwa kabla ya kurekodi, wala msile parachichi, mdomo unanata. Tafuneni tofaa la kijani, linasafisha. Vueni bangili. Mtazameni mtu kabla hajasema, kwenye mabega, kwa sababu pumzi huanzia pale, na ukivuta pumzi pamoja naye mtamaliza pamoja. Midomo yake ikifunga, tafuta neno lenye m, au b, au p, hata kama itabidi ugeuze sentensi nzima. Na msirekodi alasiri katika miezi ya joto ya Johannesburg, maana mvua ya mawe itakuja na bati la duka litasema kuliko nyinyi. Umeme ukikatwa, usikae gizani na kununa. Rudia maneno yako kwa mdomo mtupu mpaka urudi.

Hayo yote nilimfundisha Faida, na huyu ndiye niliyetaka tumfikie.

Faida alikuwa mtoto wa Bukavu, Kongo, msusi, anakodi kona ya saluni pale Berea na kulala kitanda kimoja na mdogo wake katika chumba walichogawana na familia nyingine kwa pazia. Pazia lenyewe la Hamza. Alipokuja kulinunua ndipo Hamza alipomsikia anacheka, akampenda kwa kicheko kile, kinene, kinachotoka tumboni. Siku ya kwanza aliingia chumbani na aproni yake ya nailoni, kila akivuta pumzi inachakarika. Nikamvua aproni hiyo mwenyewe kama mtoto. Nikaona mikono yake. Dawa za nywele zilikuwa zimeibabua, vidole vimepasuka kwenye viungo, na daktari alikuwa amemwambia aache kabisa.

"Mama Rukia," akaniambia, "hii mikono haitaki tena kichwa ya mutu. Nikikosa hii kazi ya mudomo, nitakula nini?"

Kwa hiyo mnajua sasa kilichokuwa mezani. Kwetu sisi wengine ilikuwa kazi ya kuongezea kitoweo. Kwake yeye ilikuwa ndiyo njia ya kutoka.

Tulikuwa na sheria moja chumbani, na ilitokana na aibu. Kampuni za sinema za Marekani wakati ule ziliwaajiri wanawake kwa mikataba mirefu, na mkataba ukishatiwa saini, hata uso si wako. Wanakupa jina jipya. Wanakunyoa nywele za mbele ili paji liwe pana, wanakutengeneza meno, wanakung'oa nyusi zote na kukuchorea nyingine. Kulikuwa na mmoja ambaye katika filamu moja alikuwa na nywele nyeusi na nyusi nene, nikamtia sauti mimi. Katika filamu nyingine walimpaka nywele rangi ya majani makavu na nyusi wakamchora kwa kalamu, nyembamba kama uzi. Hatukumtambua. Tukampa Faida. Diski zikatoka wiki moja, na Jumatatu yake mshonaji mmoja wa Kizanzibari, mama mnene mwenye cherehani yake Hillbrow, akaingia dukani na diski zote mbili mkononi.

"Mmemfanyia nini huyu dada?" akauliza. "Juzi alikuwa mtu wa Tanga, leo Mkongomani. Amehama lini?"

Tukamwambia ni watu wawili. Akatutazama kwa huruma. "Bega lake la kushoto limeshuka. Nimeshona magauni miaka mingi, bega halipakwi rangi."

Alisema kweli. Tulicheka mpaka Hamza akakaa chini kwenye marobota ya vitambaa. Tangu siku hiyo ikawa sheria: mwanamke mmoja, sauti moja. Ukishampa sauti yako, ni wako katika filamu zake zote, hakuna wa kukunyang'anya, na wewe huruhusiwi kuchukua wa mwenzako. Yule mwenye bega nikaachiwa mimi, tukamwita Bibi Nyusi. Majina yao ya Kimarekani yalitushinda, kila mmoja tukambatiza upya.

Wa Faida tulimwita Mgeni.

Mgeni hakuzaliwa Marekani. Alitoka Ulaya huko, nchi yenye baridi, na katika filamu bubu alikuwa malkia. Leo anacheza binti wa Kihispania, kesho mke wa sultani, keshokutwa mjukuu wa bibi mmoja wa New York, na hakuna aliyeuliza anatoka wapi, kwa sababu alikuwa hafungui mdomo mtu akamsikia. Kisha sauti ikaja. Magazeti yale ya mtumba yalieleza habari yake kwa mistari michache tu, bila huruma hata kidogo. Walimletea mwalimu wa matamshi. Wakampa filamu ya kwanza ya sauti, watu kwenye ukumbi wakacheka, maana Kiingereza chake kilikuwa kinatembea na nchi yake. Wakampa ya pili na ya tatu, katika zote ni mtumishi au mkimbizi. Mkataba ulipofika pa kuongezwa hawakuuongeza. Unga ukamwagika, akiwa bado kijana. Wako wengi walioondoka hivyo. Na wako wengine waliobaki, waliotoka kwenye majukwaa ya maigizo na walioijua sauti yao kama fundi anavyoijua nyundo yake. Siwaonei wivu. Lakini huyu nilimwonea uchungu, na sijui kwa nini kila nikimwona nilimfikiria akiwa na mwalimu yule, anarudia neno moja kutwa nzima.

Katika hizo tatu za Mgeni, mbili za kwanza Faida alizitia sauti vizuri sana, na ya tatu alikuwa ameshairekodi ila haijatoka. Hakuigiza Kiswahili cha mtu. Alisema cha kwao, na wanawake wa Berea wakazinunua zile mbili. Kisha akaja mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam. Alitaka diski zetu zote azipeleke nyumbani, kwa sharti moja: zote ziwe kwa Kiswahili cha Tanzania, kilichonyooka. Alipomsikia Faida alicheka akiwa amesimama mlangoni, na Faida alikuwa ndani, anasikia.

Hamza akaniita. Alikuwa anakwepa macho yangu, anakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

"Dada, filamu ya tatu ya Mgeni utairekodi upya wewe. Sauti ya Faida naitoa."

"Na sheria?"

"Sheria tuliiweka wenyewe. Biashara hii haina undugu, dada yangu. Mimi nina kodi ya duka."

Niliingia chumbani nikavaa vipokea sauti vya masikioni, nikafanya kama alivyotaka, nikitaka asikie mwenyewe itakavyokuwa. Filamu yenyewe ilikuwa nyepesi. Mgeni ni mtumishi, amefika mji mkubwa, mwenye nyumba anamwambia arudi alikotoka. Anasimama mlangoni na sanduku lake na kukataa. Nikavuta pumzi pamoja naye, nikasema kwa ufasaha wote niliopewa na bibi yangu wa Tanga: "Siondoki. Sanduku langu nimelitua hapa."

Hamza akarudisha nyuma tusikilize. Midomo ilikwenda sawa, sauti haina kasoro hata ya kutafuta kwa tochi. Na ilikuwa upuuzi mtupu. Mwanamke anafukuzwa kwa kuwa si wa pale, halafu anaongea kama mwenye nyumba.

"Si vizuri?" Hamza akauliza, lakini na yeye alikuwa amesikia.

"Hamza mdogo wangu," nikamwambia, "ukipanda hizi daladala wanazoziita teksi hapa nje kwenda mjini, unasemaje?"

Akacheka kidogo. "Nasema nini? Nanyoosha kidole kimoja juu, ishara ya mjini, teksi inasimama, nakaa, natoa nauli."

"Na kushuka?"

Hapo akaanza kukunjua waya wa vipokea sauti. Nyinyi mliozaliwa hapa hamlijui hili, mnapiga kelele mnavyotaka. Sisi, hasa miezi ile ya fujo za 2015, wageni walipokuwa wanapigwa mitaani, tulikuwa hatufungui mdomo ndani ya teksi. Ukinyamaza, wewe ni mtu kama wengine. Ukisema tu "after robot", kwamba dereva akushushe baada ya taa za barabarani, kila shingo inageuka. Basi tulikuwa tunangoja mtu mwingine aseme, tunashuka naye, halafu tunarudi nyuma kwa miguu. Hamza alikuwa anarudi mitaa mizima na mifuko ya mapazia begani. Nilimwona kwa macho yangu.

"Wewe ni filamu bubu, Hamza," nikasema. "Na mimi pia. Faida amepata mahali pamoja tu katika mji huu anapofungua mdomo wake kama ulivyo, na wewe unamfungia."

Alikasirika. Alitoka akaenda mbele akamhudumia mteja kwa sauti kubwa isiyo ya lazima. Aliporudi alisema tuijaribu kwanza ile ya Faida kwenye ukumbi wa kanisa Berea, Jumamosi mchana. Wakicheka, basi, mimi narekodi na mjadala umefungwa.

Faida hakutaka kuja. Nilimfuata saluni nikamleta nimemshika mkono, polepole kwa ajili ya vidonda. Tukasimama nyuma, karibu na mlango. Ukumbi umejaa, watoto wako chini, akina mama wamefungua vyombo vyao vya chakula. Mgeni akatokea kwenye skrini, mweupe, mrembo, kofia imeinama. Akafungua mdomo, na sauti ya Bukavu ikamtoka.

Walicheka. Ukumbi mzima ulicheka. Nilihisi mkono wa Faida unataka kuchomoka nikaubana.

"Si nilikuambia? Banacheka," akanong'ona. "Niache niende, Mama."

Mara mama mmoja wa mbele akasimama, akapiga makofi, akageuka nyuma kuwatazama wenzake.

"Jamani, huyu muzungu ni mutu ya kwetu kabisa! Anasema sawa shangazi yangu wa Uvira!"

Na kicheko kikaongezeka, mwingine akasema huyo si wa Uvira bali wa Bukavu, mtu wa Bukavu anajulikana, wakabishana wakimwelekezea vidole. Walikuwa wanamgombania. Alipofika mlangoni na sanduku lake, na kusema kwa sauti ya Faida, "Siende. Sanduku yangu nimeitua hapa," hakuna aliyecheka tena. Mama yule wa mbele alikuwa anatikisa kichwa taratibu, mkono shavuni. Mimi nililia, na sioni haya kuwaambia.

Mfanyabiashara wa Dar alichukua filamu zangu, za Mgeni akaziacha. Hamza akaziuza hapa hapa na akamlipa Faida haki yake. Mngedhani mambo yameisha vizuri.

Hayakuisha. Maana Mgeni alisema katika filamu tatu tu. Na sheria ni sheria: Bibi Nyusi ni wangu, wengine wana wenyewe, dada wawili wa Mombasa waliokuwa wanakuja asubuhi. Nilijitolea kumwachia Faida Bibi Nyusi, akakataa. Alisema watu wameshamzoea akiwa mtu wa Tanga, wamchanganye tena kwa nini. Hamza akatafuta kila mahali filamu ya nne na hakuna, kwa sababu kampuni ile ilikuwa imemfukuza miaka mingi kabla yeyote kati yetu hajazaliwa. Nilikasirika na watu waliokwisha kufa. Kwa kumnyima yule kazi, walikuwa wanamnyima na huyu wangu.

Faida akaja kuaga. Alikuwa amepata tena kona yake saluni, amenunua glavu za mpira ingawa daktari alishamwambia hazisaidii. Faida akasimama mbele ya rafu ya diski, akizitazama zile tatu za kwake, kisha akageuka.

"Papa Hamza, mbele ya hizi tatu, huyu mwanamuke alikuwaka wapi?"

"Alikuwa kwenye filamu bubu. Nyingi, zaidi ya ishirini labda. Ninazo baadhi, hakuna anayezinunua."

"Zilete."

"Faida, zile hazina sauti. Utatia sauti wapi?"

"Pale pale kwenye haina."

Hamza akanitazama, nami nikamtazama. Katika maisha yetu yote ya kazi tulikuwa tunafuta sauti ya mtu ndipo tuweke yetu. Hatukuwahi kufikiria mahali ambapo hakuna sauti ya kufuta. Hamza aliifuta vumbi diski moja kwa shati lake, akaiweka. Mgeni akatokea, kijana zaidi, hajapata mwalimu wa matamshi bado, hajachekwa na mtu. Anaongea na bwana mmoja bustanini, anaongea kwa haraka, mikono inaruka, na kwenye kadi wameandika sentensi moja tu fupi kwa niaba yake.

"Angaria mudomo yake," Faida akasema, amesogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo. "Iko nasema. Miaka hii yote iko nasema, na hawakumuuliza."

Nilimvalisha vipokea sauti kwa mazoea. Akavivua akanirudishia, maana havikuwa na kitu ndani. Akakaa kwenye kile kiti bila kukiliza, akayatazama mabega ya yule mwanamke mpaka yalipopanda, akavuta pumzi pamoja naye, na Mgeni akaanza kusema Kiswahili cha Bukavu, kwa haraka, bila kungoja kadi ya mtu.